Ngozi Haichongwi, Inabonyezwa: Nakshi za Ngozi na Vifaa vya Kujitengenezea

Mtu anatazama video fupi kwenye simu. Fundi ameinamia kipande cha ngozi, mkono mmoja umeshika kichuma kama kalamu, mwingine una nyundo ya mti. Anagonga taratibu, na mbele ya macho ua linainuka, petali kwa petali. Mtazamaji anatafuta mkoba wake chakavu, anakata kipande, anaokota msumari na kuanza kugonga. Nusu saa baadaye ana vishimo visivyo na umbo, na kesho yake asubuhi hata vishimo vyenyewe vimefifia. Anajiambia: "Sina vifaa vya kazi hii."

Nimewasikia wengi wakifikia uamuzi huo, na wengi wao wameiacha kazi nzuri kabla hawajaianza. Msumari haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye ngozi waliyochagua, na kabla ya hapo lilikuwa kwenye neno tunalolitumia sote: kuchonga.

Neno hilo linatupeleka moja kwa moja kwenye mbao. Mchonga mlango au kinyago anaondoa: patasi inakula, vipande vinaanguka, na kinachobaki ndicho kazi yenyewe. Kwenye ngozi karibu hakuna kinachoondoka. Ukitia maua mkanda mzima toka ncha hadi ncha, mezani hutaona hata chembe ya ngozi iliyodondoka. Umekata juu juu kwa kisu, kisha umeshindilia sehemu fulani chini na kuziacha nyingine zisimame. Ua halikuchongwa, uwanja uliolizunguka ndio uliozama. Ukilishika hili, mambo mengi yanayowatatiza watu yanafunguka yenyewe: ngozi ipi inafaa, maji yanaingiaje, na kwa nini msumari unaweza kufanya kazi ambayo wengi wanaamini inahitaji kifaa cha dukani.

Tupatane kwanza juu ya maneno machache. Nakshi hapa ni mapambo yanayotiwa kwenye uso wa ngozi. Mhuri ni kichuma kirefu kama kalamu: ncha moja ina umbo la kuacha alama, ya pili hugongwa. Kusindika ni kuigeuza ngozi mbichi iwe ngozi isiyooza. Msharasi ni kile chuma chenye ncha ambacho fundi viatu hutobolea matundu kabla ya kupitisha sindano.

Ngozi mbili, tabia mbili

Ngozi ya mnyama ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizopandana na kusokotana kila upande kama pamba iliyogandamizwa. Hazikupangwa kwa mistari kama nguo iliyofumwa. Upande wa manyoya nyuzi ni nyembamba na zimebanana. Huo ndio uso laini wenye vitundu vya vinyweleo. Kadiri unavyoshuka kuelekea upande wa nyama, ndivyo nyuzi zinavyozidi kuwa nene na kulegea. Ngozi mbichi ikikauka hukakamaa kama ile iliyowambwa kwenye ngoma. Ikilowa tena hulegea, na ikiachwa na unyevu huoza. Kusindika kunakomesha kuoza huko, na njia zake kubwa ni mbili.

Njia ya kale ni ya magome ya miti. Magome, majani na matunda ya miti mingi yana tanini, kitu kilekile kinachokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea mno au ukiuma tunda bichi. Ngozi hulazwa kwenye maji ya magome kwa majuma, au hata miezi, mpaka tanini ipenye hadi katikati na kushikamana na nyuzi. Inatoka ngumu kiasi, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai au ya kahawia.

Njia ya pili inatumia chumvi za kromu. Mwaka 1884 Augustus Schultz alipata hataza yake, yaani haki rasmi ya uvumbuzi huo, nchini Marekani, na toka hapo viwanda vikabadilika, kwa sababu kazi ya miezi inakamilika kwa siku moja au mbili. Ngozi ya kromu ni laini, inainama bila kulalamika, inavumilia maji na joto. Sehemu kubwa kabisa ya ngozi inayotengenezwa duniani leo ni hiyo: viatu, mikoba, makochi, viti vya magari. Ni ngozi nzuri. Ila haipokei nakshi.

Fikiria godoro la sponji na udongo wenye unyevu. Bonyeza godoro kwa kidole, ukiondoa kidole linarudi kama lilivyokuwa. Kanyaga udongo, unyayo unabaki, na jua likiukausha unyayo unakuwa mgumu kama tofali. Ngozi ya kromu ni godoro. Ngozi ya magome ni udongo: ikipata maji nyuzi zake hulegea na kuteleza, ukizishindilia hukubali mahali papya, na zikikauka hujifunga papo hapo. Yule aliyekata kipande cha mkoba wake, kwa uwezekano mkubwa, alikuwa akikanyaga godoro.

Utazitambuaje? Tazama kwanza ukingo uliokatwa. Ya magome huwa na rangi ya kahawia au ya maziwa hadi ndani; ya kromu mara nyingi huonyesha kijivu au ubuluu katikati. Kisha dondosha tone la maji mahali pasipopakwa rangi. Ya magome hulinywa na kuwa nyeusi pale pale, ilhali kwenye ya kromu tone mara nyingi hukaa juu likimetameta. Kipimo ninachokiamini zaidi ni ukucha: lowesha kidogo, subiri dakika mbili, bonyeza. Alama ikibaki wazi na kando zake zimesimama, hiyo ndiyo ngozi ya nakshi.

Wapo wanaopima kwa kiberiti, wakiamini kwamba ngozi ya kweli haiungui. Inaungua. Harufu ya nywele zilizoungua itakuonyesha tu kwamba kuna protini ndani, lakini haikuambii ilisindikwaje, na juu yake umeharibu kipande. Hata maandishi "ngozi halisi" yasikutulize sana. Tabaka la chini lililopasuliwa toka kwenye ngozi nene, kisha likapakwa plastiki juu, nalo huuzwa kwa jina hilohilo. Tabaka hilo halina ule uso wa nyuzi zilizobanana, na bila uso huo alama haikai vizuri. Anayejifunza atafute ngozi ya magome yenye uso wake wa asili, unene wa milimita 2.5 hadi 4. Nyembamba zaidi inawezekana, lakini haina kina cha kuchezea.

Maji, na subira

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na si rahisi kupafundisha kwa maneno. Ngozi kavu hurusha mhuri nyuma na kuacha alama hafifu. Ngozi iliyolowa chepechepe hutoa maji pembeni ya mhuri, na alama hujifunga taratibu kama shimo kwenye tope. Unachotafuta kiko katikati.

Pangusa uso kwa sponji yenye maji mpaka uwe mweusi sawasawa, kisha usiiguse. Rangi itaanza kurudi. Inapokaribia rangi yake ya ukavu, iweke shavuni: ikiwa bado ni ya baridi, maji yameondoka juu na yapo ndani, na hapo ndipo pa kuanzia. Mafundi wengi hulowesha jioni, wakaifunga kwenye mfuko wa plastiki, wakaanza kazi asubuhi unyevu ukiwa umeenea kote. Ukiipatia, ngozi yenyewe itakuambia: kila pigo linaacha alama iliyoiva kahawia, nyeusi kuliko pembeni yake. Alama zikianza kupauka, ongeza maji kidogo.

Chini ya ngozi weka jiwe: kipande cha marumaru au granaiti kilichobaki kwenye ujenzi kinatosha kabisa. Meza ya mbao hudunda, ikala nusu ya nguvu ya pigo lako.

Kisha kuna hatua mbili tu za msingi. Ya kwanza ni kukata mstari wa mchoro kwa kina cha theluthi moja hadi nusu ya unene. Kisu cha kazi hii ni kifupi, kinasimama wima, na juu yake kina kitanda kidogo ambacho kidole cha shahada hukilalia. Kitanda kinabaki tuli huku shina likizungushwa kwa vidole vingine, na ndivyo ubapa unavyopinda kona bila kuinuliwa. Kisilale ubavu, maana mkato ulioinama hula ukingo wa ua kwa chini.

Hatua ya pili ndiyo inayoleta uhai. Mhuri wenye uso wa mteremko unawekwa kwenye mkato, upande wake wa chini ukiingia ndani ya mkato wenyewe, unagongwa na kusogezwa, unagongwa na kusogezwa, kila mara chini ya upana wake ili pasionekane ngazi. Upande mmoja wa mstari unazama, mwingine unabaki juu. Jicho linadanganyika, linaona kitu kimeinuka. Mihuri mingine yote, ya mishipa ya majani, ya vivuli, ya vitone vya uwanja, inakuja baada ya huu.

Kwa nini msumari unatosha

Tukirudi kwenye vifaa, jibu sasa liko wazi. Mhuri haukati. Unasukuma nyuzi zilizolegezwa na maji, na kwa kazi hiyo chuma laini hakina upungufu wowote. Wapo wanaotengeneza mihuri kwa mti mgumu, kwa mfupa na kwa pembe, ikadumu miaka. Ndani ya pango la Areni nchini Armenia, mwaka 2008, wachimbuzi walikuta kiatu cha ngozi chenye umri wa takriban miaka 5,500, kimetobolewa matundu na kufungwa kwa kamba ya ngozi. Aliyekishona hakuwa na duka la kununulia kifaa.

Chukua msumari mrefu, ule wa unene wa milimita 6 hivi. Kichwa chake ndicho kitakachokuwa uso wa mhuri, kwa sababu tayari ni kipana. Kata ncha kwa msumeno wa chuma, ubaki na urefu wa sentimita 10 au 11, kisha ulainishe mahali ulipokata ili pasichane mkono wala nyundo. Ubane kwenye jiliwa, kile chombo cha mezani cha kubania chuma, kichwa kikitazama juu, halafu uanze na tupa.

Mhuri wa mteremko uanze kama mstatili wenye pembe zilizoviringwa, upana wa milimita 5 hadi 8. Kisha punguza uso kwa mshazari, upande wa mbele uwe ndio mrefu na wa nyuma ufifie juu. Ukiutazama ubavuni, uonekane kama kabari iliyolala. Kisha inakuja sehemu ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayotofautisha kifaa na msumari uliotupiliwa: viringa kila ukingo. Mtu aliyezoea mbao anataka kunoa, kumbe ukingo mkali hapa ni adui. Unakata uso wa ngozi na kuacha jeraha badala ya kivuli. Pitisha tupa laini, kisha msasa wa namba 220, 400 na 800, mpaka uso ung'ae na usikwaruze ukucha.

Ukitaka uso wenye vimiraba, tumia tupa ya pembetatu kuchora mistari iliyopishana, umbali wa milimita moja. Na kabla hujatupa kichwa cha msumari chenye miraba miraba ya kiwandani, ujaribu kwenye ngozi jinsi ulivyo: mara nyingi ni mhuri mzuri wa uwanja bila jasho lolote. Kitone cha katikati ya ua unakipata kwa kutoboa kishimo kidogo katikati ya uso kwa drili, kisha kuviringa kuta za nje. Bomba jembamba la chuma hutoa duara.

Jaribu kila hatua kwenye kipande cha ngozi chenye unyevu, si machoni tu. Tupa inaondoa lakini hairudishi.

Doa jeusi lisiloelezwa

Kipande changu cha kwanza kilichopendeza kilijaa madoa meusi usiku mmoja. Nilidhani ni ukungu. Haukuwa ukungu, ilikuwa wino. Tanini ikikutana na chuma na maji hutengeneza rangi nyeusi ya kudumu, na kwa karne nyingi Ulaya iliandikia wino wa namna hiyohiyo, uliotengenezwa kwa tanini za vivimbe vya mialoni na chumvi ya chuma. Mafundi hata huitafuta rangi hii kwa makusudi: wanaloweka vipande vya chuma kwenye siki kwa siku kadhaa, wanaipaka ngozi ya magome, inageuka nyeusi hapo hapo.

Kwa hiyo mihuri ya dukani hupakwa kromu au nikeli ili isiache doa, si kwa urembo tu. Wako wa msumari hauna koti hilo. Misumari iliyopakwa zinki haikuokoi, maana tupa imeondoa koti pale pale panapogusa ngozi. Paka vanishi nyembamba au nta, pangusa mhuri kila baada ya muda, na usiuache umelala juu ya ngozi yenye unyevu ukaenda kula. Hatari kubwa zaidi ni vumbi la tupa. Chembe usizoziona, zikidondoka kwenye ngozi iliyoloweshwa, kila moja inakuwa kitone cheusi. Usipige tupa kwenye meza ya nakshi, na nawa mikono katikati. Doa likishatokea, maji ya limau hulififisha sana likiwa bado jipya. Suuza baadaye kwa maji safi.

Kifaa kinachohitaji moto

Mihuri haihitaji kuchomwa. Kisu na msharasi vinahitaji, kwa kuwa hivi ndivyo vinavyokata na kupenya kweli, na hapa msumari wa kawaida unashindwa. Tofauti iko kwenye kaboni. Msumari wa kawaida una kaboni kidogo mno. Utautia motoni na kuuzamisha hata mara ishirini, hautakuwa mgumu wa kushika makali. Tupa ya zamani ina kaboni ya asilimia moja hivi, nayo inakuwa ngumu kama kioo. Angalia tu, baadhi ya tupa za bei ya chini ni ngumu kwenye ganda la nje pekee.

Utaratibu wake ni huu. Pasha tupa ipoe polepole ili ilegee, kisha ipe umbo. Ukimaliza, ipashe tena mpaka iwe nyekundu na sumaku iache kuivuta. Hilo hutokea karibu nyuzi 770 za Selsiasi, na ni kipimo kisichodanganywa na mwanga wa jua kama macho yanavyodanganywa. Iongezee joto kidogo tu, izamishe kwenye mafuta. Sasa tupa nyingine ikipitishwa juu yake inateleza bila kuuma. Usiitumie bado, kwani ikianguka sakafuni inaweza kuvunjika. Ing'arishe, kisha uipashe taratibu kwenye oveni, nyuzi 200 hadi 220, saa nzima, mpaka ipate rangi hafifu ya majani makavu. Ikifika buluu umepita: haitavunjika, lakini makali hayatadumu.

Fanya hivi nje, ukiwa na miwani na kifuniko cha chombo cha mafuta karibu, maana mafuta hushika moto. Wala usitie motoni kitu chochote kilichopakwa zinki. Moshi wake ni sumu, unaleta homa na kubanwa kifua.

Msharasi wa kushonea ngozi usiwe wa duara. Unolewe uwe na umbo la almasi, pembe mbili kali na mbili butu, na matundu yatobolewe yakiwa yameinama kidogo, yamefuatana kama matone ya mvua ya upepo. Hapo tundu hujifunga kwenye uzi, na mstari haupasuki kama stempu. Umbali wa matundu unaweza kuupima kwa uma wa mezani wenye meno sawa, uliokatwa ncha na kunolewa kidogo. Milimita 3 au 4 panafaa.

Yanayosemwa sana

Kwamba kisu butu ni salama kwa anayeanza. Ni kinyume. Kisu butu kinadai nguvu, na nguvu ndiyo inayokiponyosha kikaelekea kidoleni. Kisicho na makali pia huburuta ngozi yenye unyevu, mkato ukatoka na mikunjo.

Kwamba nyundo ni nyundo. Nyundo ya chuma hupasua vichwa vya mihuri na kutawanya pigo. Tumia ya mti mgumu au ya ngozi mbichi iliyosokotwa. Ukitengeneza kifaa kwa msumari wa zege, jihadhari zaidi: ni mgumu na huvunjika kwa vipande vinavyoruka.

Kwamba maji yanaua ngozi. Yaliyo baridi hayaui, na bila hayo hakuna nakshi. Kinachoiumiza ngozi ya magome ni maji ya moto, yanayoifanya ijikunje na kuwa ngumu, na kuikausha mbele ya moto au juani kwa haraka. Iache ikauke kivulini, kisha uipake mafuta kidogo.

Mabaki ya ngozi yasitupwe. Gundisha kipande kirefu kwenye ubao, uso wa nyama ukiwa juu, kipakae dawa ya kung'arishia vyuma. Huo ndio mnoleo wa mwisho wa kisu chako: kilaze kwa pembe ileile kilichonolewa nayo, kivute kuelekea nyuma ya makali, kamwe usikisukume mbele. Mara kumi kila upande kabla ya kuanza, na mara tano kila unapohisi mkono unavutwa badala ya kuteleza.